Wameuza nini? Swali linalokosekana kwenye kurasa zetu za biashara

Wadau, leo naomba tuongee hesabu. Najua nimeshawapoteza baadhi yenu, hasa nyie mliokimbilia mchepuo wa HKL ili msikutane tena na namba maishani. Mimi mwenyewe ni wa huko huko HKL, kwa hiyo msiogope. Humu hakuna kinachozidi kujumlisha na kutoa.

Ugomvi wangu ni na sisi waandishi. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la Dar es Salaam na lile la Nairobi zinapotoa hesabu zao za mwaka, kurasa za biashara hujaa vichwa vya namna moja: faida yapaa, faida yaporomoka, wanahisa wachekelea, wanahisa walia. Mwandishi kapokea taarifa kutoka ofisi ya uhusiano ya kampuni, kachukua faida ya mwaka huu, kailinganisha na ya mwaka jana, kapata asilimia, kazi imekwisha, twende tukanywe chai. Swali moja haliulizwi kabisa: hii pesa imetokana na kuuza bidhaa, au imetokana na kuuza kipande cha nyumba?

Nieleze. Kampuni kubwa haiishi kwa biashara yake ya kila siku tu. Huwa na vitega uchumi vya muda mrefu: hisa katika kampuni nyingine, hati fungani za serikali za miaka 10 au 20, majengo ya kupangisha, viwanja. Siku ikiamua kuuza kimojawapo, pesa inaingia kwa mkupuo. Mara nyingi tofauti kati ya bei ya kuuzia na thamani iliyokuwa imeandikwa vitabuni inaingia kwenye faida ya mwaka ule. Wewe unayesoma mstari wa chini kabisa huwezi kujua. Shilingi iliyotokana na kreti la bia na shilingi iliyotokana na kuuza shamba la urithi zinafika pale zimevaa sare moja.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya sabuni inapata faida ya shilingi bilioni 3 kila mwaka kwa kuuza sabuni. Miaka kadhaa nyuma ilinunua hisa za kampuni nyingine kwa bilioni 4. Mwaka huu imeziuza kwa bilioni 10. Tuache kodi pembeni kwa sasa. Faida ya mauzo hayo ni bilioni 6, jumlisha na 3 za sabuni, unapata 9. Kichwa cha habari kesho asubuhi: faida yapanda mara tatu. Hakuna uongo hapo. Lakini sabuni haijauzwa zaidi hata kipande kimoja! Mwakani, hisa zikiwa zimeshakwenda, kampuni hiyo hiyo itarudi kwenye bilioni 3 zake, nasi tutaandika kwamba faida imeporomoka kwa theluthi mbili, na meneja ataitwa redioni kujieleza.

Mahali pa kuyaona haya bila kubahatisha ni taarifa ya mtiririko wa fedha. Ni ukurasa mmoja tu ndani ya ripoti ya mwaka, na kwa maoni yangu ndio ukurasa unaosomwa kidogo kuliko yote, ukiacha labda ule wa picha za wakurugenzi. (Nimekosea, ule wa picha unasomwa sana.) Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 7, maarufu kama IAS 7, kinaitaka taarifa hiyo igawanywe mafungu matatu: pesa za uendeshaji, yaani biashara yenyewe, pesa za uwekezaji, yaani kununua na kuuza mali za muda mrefu, na pesa za ugharamiaji, yaani mikopo, mitaji na gawio, ingawa kwenye riba na gawio kanuni ziliachia kampuni nafasi ya kuchagua.

Angalia kampuni yetu ya sabuni inavyovuliwa nguo hapo. Fungu la kwanza linaanza na faida ya bilioni 9, kisha linaondoa zile 6 za mauzo ya hisa, kwa sababu si pesa ya uendeshaji. Inabaki 3. Kisha kwenye fungu la pili unatokea mstari mmoja: mapato ya mauzo ya vitega uchumi, bilioni 10. Zote kumi, si sita, maana pesa iliyoingia benki ni kumi. Ukiwa na mistari hii miwili, ule wa kutoa 6 na ule wa kuingiza 10, umeshajua hadithi nzima kabla hujampigia simu mtu yeyote.

Sasa, mwaka mmoja hautoshi. Mtu akiuza kiwanja kimoja si habari. Akiuza kiwanja kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo huku akiwagawia watoto hela ya matumizi, hiyo ni habari, na pengine ni msiba. Ndiyo maana nasisitiza kuutoa mstari huo kwenye ripoti za miaka mitano hadi kumi na kuupanga kwenye lahajedwali. Lahajedwali ndilo jina la kitaalamu. Sisi wa mtaani tunaita Excel hata ikiwa ni programu ya kampuni nyingine, kama ambavyo sabuni ya unga yoyote huitwa Omo.

Hapa ndipo vijana wenzangu wanaponiuliza: kwa nini usiandike fomula moja ikavuta kila kitu kutoka mtandaoni? Swali zuri, nami nalipenda maana uvivu wenye akili ndio ulioleta maendeleo duniani. Jibu langu ni kwamba kwa kampuni zetu nimeacha kuitafuta fomula hiyo. Ile ya GOOGLEFINANCE inakupa bei ya hisa na vipimo vichache vya soko, haikupi taarifa ya mtiririko wa fedha. IMPORTHTML inavuta jedwali lililo kwenye ukurasa wa tovuti, lakini ripoti nyingi ninazozifungua ni mafaili ya PDF, na nyingine ni karatasi zilizopigwa picha, mhuri wa mkaguzi umekaa upande, yaani hata kunakili maandishi huwezi. Marekani tume inayosimamia soko la mitaji ilianza mwaka 2009 kuzitaka kampuni ziwasilishe hesabu zenye lebo zinazosomwa na kompyuta, ambapo kila namba ina jina lake la kudumu. Anayeandika habari za kampuni za kule anaweza kukaa na kahawa yake akavuta miaka kumi kwa dakika kumi.

Lakini hata ukipata mtambo wa kuvuta, kuna shida kubwa zaidi: mstari wenyewe hubadilisha jina. Mwaka huu umeandikwa mapato ya mauzo ya vitega uchumi. Mwaka ujao, mapato ya kuuza kampuni mshirika. Mwaka unaofuata umeingizwa kwenye mali zilizoshikiliwa kwa ajili ya kuuzwa. Kisha unakuja mwaka ambao wameamua kuunganisha manunuzi na mauzo yote kwenye mstari mmoja unaoitwa uwekezaji, halisi, na ukitaka mchanganuo uende maelezo namba 23 huko nyuma. Fomula inayotafuta maneno yale yale itakurudishia sifuri, nawe utaandika kwamba kampuni haikuuza kitu. Sifuri ya kompyuta ina sura ya uhakika sana, wadau. Haisemi "sijaona". Inasema "hakuna".

Kwa hiyo ninafanya kwa mkono, na sioni aibu. Kolamu ya kwanza naandika jina la mstari kama lilivyochapishwa, neno kwa neno. Kolamu ya pili naweka jina langu mwenyewe, fupi, mfano UZO kwa kila pesa iliyotokana na kuuza kitega uchumi cha muda mrefu, KUNUNUA kwa pesa iliyotoka kununua, GAWIO kwa gawio. Kolamu zinazofuata ni miaka. Ya mwisho ni namba ya ukurasa wa ripoti, ambayo itakuokoa siku ofisi ya uhusiano itakapopiga simu kwa sauti ya juu. Chini kabisa naweka kitu kama =SUMIF($B$2:$B$60,"UZO",C$2:C$60) na kuiburuta kwenda kulia. Mstari ubadilishe jina mara ngapi unavyotaka, mimi nimeshaupa jina langu.

Kuna mitego ambayo lazima niitaje kwa sababu inaua kimya kimya. Wahasibu huandika pesa iliyotoka ndani ya mabano. Ukiiandika mwenyewe kwenye Excel, kwa kawaida inaelewa kuwa ni hasi. Ukiinakili kutoka PDF ikaja na nafasi katikati au alama ngeni, inageuka kuwa maandishi, na SUM inairuka bila kukwambia. Hakuna kengele, hakuna rangi nyekundu. Ukiona namba imeegemea kushoto mwa seli wakati wenzake wako kulia, ishuku. Halafu angalia juu ya ukurasa: ni shilingi milioni au shilingi elfu? Kampuni hubadilisha. Na ripoti ya mwaka huu huwa ina kolamu ya mwaka jana, ambayo wakati mwingine imerekebishwa na haifanani na ile iliyochapishwa mwaka jana wenyewe. Mimi huzichukua zote mbili na kuziweka pamoja, kwa sababu kurekebisha nako ni habari.

Kipimo cha mwisho ni rahisi. Salio la pesa mwanzo wa mwaka, jumlisha mafungu yote matatu, jumlisha au ondoa mabadiliko ya viwango vya fedha za kigeni, lazima upate salio la mwisho wa mwaka. Ukipishana hata na milioni moja, usiandike. Rudi utafute.

Basi tuache sabuni ya kubuni, twende kwenye bia ya kweli.

Wenye umri wangu mnakumbuka vita vya bia. Mwaka 1998 Waafrika Kusini wa SAB walifungua kiwanda Thika, mlangoni kabisa mwa Wakenya wa EABL, wenye Tusker. EABL nao walikuwa na kiwanda chao cha Kibo kule Moshi, wakishindana na TBL, ambayo ilikuwa chini ya SAB. Baada ya kuumizana vya kutosha, mwaka 2002 wakapatana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, na ili kuufunga ule undugu wakapeana hisa: EABL ikapata asilimia 20 ya TBL, na upande wa pili ukapata asilimia 20 ya Kenya Breweries, kampuni tanzu ya EABL. Tusker ikawa inatengenezwa na TBL kwa leseni. Ndoa ya mkeka.

Ndoa ikachoka. Mwaka 2010 EABL ikanunua asilimia 51 ya Serengeti, mshindani wa TBL hapa nyumbani. Huwezi kumiliki asilimia 20 ya timu moja na asilimia 51 ya timu pinzani kwenye ligi ile ile, hata mwamuzi awe mjomba wako. Mwaka 2011 wakagawana vyombo. EABL ikaziuza hisa zake za TBL kwa umma kupitia soko la Dar es Salaam: hisa 58,985,693, kila moja shilingi 2,060. Weka kwenye seli mbili uzidishe. Utapata shilingi za Tanzania 121,510,527,580, kabla ya gharama za mauzo. Zaidi ya bilioni 121 kwa mkupuo mmoja, na hakuna hata chupa moja iliyofunguliwa.

Hicho ndicho kitega uchumi cha muda mrefu kilichouzwa, wazi kama mchana. EABL hufunga vitabu vyake mwezi Juni, hivyo mauzo yale yaliangukia mwaka ulioishia Juni 2012, kwa shilingi za Kenya. Faida ya mwaka ule ilipendeza. Mwaka uliofuata, ulioishia Juni 2013, ikashuka. Aliyesoma vichwa vya habari peke yake angedhani Wakenya wameacha pombe. Aliyekuwa na lahajedwali aliona kwamba faida ya mauzo ya TBL haikuwepo tena, na riba za mikopo zilikuwa zimeongezeka.

Mikopo ya nini? Hapa pananoga. Katika kugawana vyombo huko huko, EABL ililazimika pia kuzirudisha nyumbani zile asilimia 20 za Kenya Breweries, kwa bei ya dola za Marekani milioni 225 hivi. Kwa kanuni za kimataifa, ukinunua hisa za nyongeza katika kampuni ambayo tayari unaitawala, pesa hiyo haiwekwi kwenye fungu la uwekezaji. Inawekwa kwenye ugharamiaji, pamoja na mikopo na gawio. Mmeona mtego? Talaka ni moja, lakini pesa iliyoingia kwa kuuza TBL ni ya fungu la pili na pesa iliyotoka kwa kununua Kenya Breweries ni ya fungu la tatu. Mwenye fomula inayotazama fungu la uwekezaji peke yake angeona kampuni imevuna, asione imelipa. Hakuna aliyeficha kitu, ndivyo kanuni zilivyo. Ila inabidi uwe umeijua hadithi ya Thika na Moshi ili ujue hizo namba mbili ni ndugu, na hadithi hiyo haikai kwenye seli yoyote.

Mfano mwingine niupitie haraka kwa kuwa wengi wenu mna laini yake mfukoni. Mwaka 2013 Vodacom Tanzania iliuza minara yake kwa Helios Towers. Malipo hayakuwa pesa tupu. Sehemu ilikuwa pesa, sehemu ikawa hisa, karibu robo ya kampuni ya minara ya hapa nchini. Ile robo haikuonekana kwenye mtiririko wa fedha wa mwaka ule, na haikupaswa kuonekana, maana hakuna shilingi iliyopita benki. Ikakaa kwenye mizania kama kitega uchumi cha muda mrefu. Agosti 2017 Vodacom ikaorodheshwa soko la hisa kwa bei ya shilingi 850 kwa hisa, na Watanzania kwa maelfu, wengi wao hawajawahi kumiliki hisa maishani, wakanunua. Muda si mrefu kampuni ikaziuza zile hisa za minara. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2018 ikaruka juu, mwaka uliofuata ikashuka. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwalimu au bodaboda aliyenunua hisa zake mia mbili za kwanza, anasoma gazetini faida imeruka, anamwambia shemeji yake naye anunue. Mwaka mmoja baadaye anasoma imeshuka, anaamua kwamba soko la hisa ni kamari. Sentensi moja tu ingemtuliza mara zote mbili: sehemu ya faida hii imetokana na kuuza hisa za minara na haitajirudia.

Sentensi moja, wadau. Haizidi maneno 15.

Nimewahi kuwauliza wahariri kwa nini sentensi hiyo huwa haipo. Jibu la kwanza ni nafasi, gazeti limejaa matangazo. Jibu la pili ni muda, hesabu zinatoka saa kumi jioni na ukurasa unafungwa saa kumi na mbili. Hayo nayaelewa. Jibu la tatu hulisemwa kwa sauti ya chini: kampuni hizo hizo ndizo zenye matangazo yaliyojaza nafasi. Hilo nalielewa pia ila silikubali, kwa sababu hatuzungumzii kumchafua mtu. Namba iko kwenye ripoti yao wenyewe, imekaguliwa, imesainiwa na wakurugenzi. Kuinakili namba ya mtu aliyoichapisha mwenyewe kutakuwaje uadui?

Nisieleweke vibaya hapa. Kuuza kitega uchumi si dhambi. Wakati mwingine ndio uamuzi bora kuliko yote mwaka mzima: umekaa na hisa za kampuni usiyoitawala, mtu anakupa bei nzuri, unauza, unalipa deni lenye riba kali. EABL pia haikuwa na njia nyingine ya kuishi na Serengeti kwa amani. Tena kuna kampuni ambazo mstari huu kwao ni jambo la kila siku. Benki na kampuni za bima zinanunua na kuuza hati fungani muda wote, nyingine zinaiva zenyewe na serikali inarudisha pesa, na ukiona bilioni nyingi kwenye mstari ule usikimbilie kuandika kwamba bima inauza vyombo vya ndani. Kwa hizo angalia pia walichonunua, kolamu yangu ya KUNUNUA inakusaidia hapo. Mwenye bima akiuza 50 na kununua 60, anabadilisha mboga tu. Akiuza 50 akanunua 5, na gawio limebaki lile lile, vuta kiti ukae.

Mtego wa mwisho niliotaka kuutaja: kampuni ikiuza kampuni tanzu yake nzima, ile pesa inayoonekana kwenye mtiririko huwa imeshapunguzwa pesa taslimu zilizokuwa ndani ya hiyo tanzu. Umetangaziwa imeuzwa bilioni 20, ripoti inaonyesha 17, unaanza kuota ufisadi. Kabla hujaota, fungua maelezo ya hesabu. Pengine hizo 3 zilikuwa kwenye akaunti ya benki ya tanzu na zimeondoka nayo kwa mnunuzi.

Kwa wenzangu wa kwenye vyumba vya habari nina pendekezo dogo. Tugawane kampuni. Zilizoorodheshwa Dar es Salaam si nyingi kiasi cha kutushinda, na mtu mmoja akishika kampuni tatu tu, miaka kumi kila moja, kwa utaratibu ule ule wa kolamu, kazi ni ya wikiendi mbili. Kila mwaka unaongeza kolamu moja, dakika 20. Siku hesabu zinapotoka saa kumi jioni, unakuwa tayari unajua pa kutazama, na sentensi yako ya maneno 15 inaingia kabla ukurasa haujafungwa. Tubishane kuhusu majina ya kolamu ya pili kwanza, maana kama mimi naandika UZO na wewe unaandika MAUZO, mafaili yetu hayataongea. Na hilo UZO wala silipendi sana, mwenye jina bora alilete.

Kwa wasomaji wengine: zangu tatu nimeshaanza, ila kwa miaka ya zamani nimekwama. Ripoti za kabla ya 2005 hazipatikani kirahisi mtandaoni, zilichapwa kwenye vitabu vizuri vya karatasi inayong'aa, zikagawiwa kwenye mikutano ya wanahisa, na naamini nyingi ziko chini ya vitanda vya wazee wetu zikishikilia sanduku lisiyumbe. Kama babu yako alinunua hisa za TBL au za sigara wakati serikali inaziuza, naomba umuulize kwa heshima. Nakuja mwenyewe kupiga picha ukurasa mmoja tu, ule wa mtiririko wa fedha, na sanduku nitaliinua na kulirudisha lilipokuwa.